Mkulima na Karatasi ya Mkopo

Leo tunaweka jembe kando kidogo tuzungumze juu ya karatasi. Nasema karatasi kwa sababu mkulima anapokopa fedha, kinachomfunga ni ile karatasi anayoitia saini au dole gumba, na mara nyingi ndiyo kitu ambacho hakukitazama sawasawa. Alikuwa anatazama fedha.

Sikusudii kukuambia usikope. Mbolea inatakiwa Desemba, mpunga unauzwa Juni, na hapo katikati kuna palizi, kuna ada ya shule, kuna mgonjwa. Mtu hukopa. Lakini maswali yanayoletwa na wakulima juu ya madeni yanafanana sana, na mengi huletwa wakati mambo yamekwisha haribika. Basi tuyatazame mapema. Sheria nitakazozitaja ni za Tanzania Bara.

Swali la kwanza ambalo mkulima halipi uzito ni hili: karatasi hii inaitwaje?

Tuseme una ekari tatu za mpunga na huna fedha ya palizi. Unakwenda mjini kwa mtu mwenye fedha, anakubali kukupa shilingi 400,000. Anatoa karatasi imekwisha pigwa chapa. Juu pameandikwa "Hati ya Mauziano ya Shamba". Unashtuka, unauliza. Anacheka na kukuambia, "Huu ni utaratibu tu, mzee wangu, siku ukilipa tunaichana." Mkeo anatia saini kama shahidi, mwenyekiti wa kitongoji anagonga muhuri, unaondoka na fedha zako. Mvua haziji vizuri. Mwezi wa nane yule bwana anakuja shambani na mtu mwingine, wanapima kwa hatua. Kumbe amemletea mnunuzi.

Hapo ndipo unapokimbilia mahakamani, na mahakama inasoma nini? Inasoma kwamba wewe, mwenye akili timamu, mbele ya mashahidi, umeuza shamba. Sheria haizibi masikio kwa mtu aliyedanganywa. Mkataba unaopatikana kwa hila unaweza kutenguliwa. Lakini anayesema kuwa maandishi yale si ya kweli, yeye ndiye mwenye mzigo wa kuthibitisha, na maneno matupu hayashindi maandishi kwa urahisi. Kwa hiyo karatasi ikiitwa ya mauziano nawe unataka mkopo, usiitie saini. Ondoka. Mwenye nia njema hashindwi kuandika neno "mkopo".

Na kama umekwisha tia saini? Usingoje mnunuzi aje. Tafuta vitu vinavyoonyesha kuwa ulikuwa mkopo: watu waliosikia mazungumzo yenu, ujumbe wa simu alipokudai "marejesho", na hasa malipo uliyokuwa ukimtumia kila mwezi. Hakimu atajiuliza, muuzaji wa shamba anamlipia nini mnunuzi kila mwezi? Ujumbe wa malipo ya simu usiufute hata kidogo. Ukibadilisha simu, nenda kwanza uutolee nakala.

Karatasi ya mkopo iliyo ya haki ina majina yenu, tarehe, kiasi ulichopokea, riba, siku za kulipa, dhamana uliyoweka, na nini kitatokea ukichelewa. Angalia sana hapo kwenye kiasi. Wako wanaokupa 400,000 mkononi na kuandika 500,000, ati riba imekwisha ingizwa. Halafu wanadai riba juu ya hizo 500,000. Mwambie aandike kile ulichokihesabu kwa vidole vyako. Kama kusoma kunakupa taabu, au maandishi ni ya Kiingereza, usisomewe na mkopeshaji peke yake. Mchukue mtoto wako aliyesoma au mwalimu wa pale kijijini akusomee neno kwa neno. Na nakala moja ibaki kwako. Ukiambiwa nakala utaipata baadaye, sema nawe fedha utazichukua baadaye, hiyo hiyo siku ya nakala.

Sasa riba. Hapa hesabu ni ndogo lakini ndipo watu wanapoumia.

Kuna riba inayohesabiwa juu ya mkopo wote mpaka mwisho, na kuna riba inayohesabiwa juu ya deni lililobaki. Tuseme umekopa 600,000 kwa miezi 12, riba asilimia 2 kwa mwezi. Kwa njia ya kwanza, kila mwezi unalipa riba ya 12,000, hata mwezi wa mwisho unapobakiwa na deni dogo tu. Jumla ya riba ni 144,000. Kwa njia ya pili, ukirudisha 50,000 za mkopo kila mwezi, riba inashuka kila mwezi kadiri deni linavyopungua, na jumla yake ni 78,000. Asilimia ni ile ile, tofauti ni shilingi 66,000. Hiyo ni fedha ya mbolea. Basi usiulize tu "riba ni asilimia ngapi". Uliza, "Mpaka nimalize nitakuwa nimelipa shilingi ngapi kwa jumla, pamoja na ada ya fomu, bima na mengineyo?" Jibu liandikwe.

Uliza pia kama unaweza kulipa baada ya mavuno. Marejesho ya kila mwezi yalitungwa kwa mtu wa mshahara. Mkulima wa zao moja akiyakubali bila kufikiri, atauza mbuzi mwezi wa kwanza, kuku mwezi wa pili, na mwezi wa tatu atakwenda kukopa kwa mtu mwingine ili amlipe huyu.

Je, kila mwenye fedha anaruhusiwa kukopesha kwa riba? La. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 inataka mtu au kampuni inayofanya biashara ya kukopesha, hata kama haipokei akiba za watu, iwe na leseni ya Benki Kuu ya Tanzania. SACCOS nazo zina leseni yao, na vikundi vya kijamii kama VICOBA vinatakiwa kusajiliwa. Kwa wakopeshaji wa leseni wasiopokea akiba, Benki Kuu imeweka kikomo cha riba cha asilimia 3.5 kwa mwezi. Ile mikopo ambayo watu wenyewe wameipa jina la "kausha damu", yenye riba ya asilimia 20 au 30 kwa mwezi, iko nje kabisa ya kikomo hicho. Kwa hiyo ukifika kwenye ofisi ya mkopo, omba kuona leseni. Anayekasirika kwa kuulizwa leseni amekwisha kukujibu.

Mikopo ya kwenye simu nayo ni hivyo hivyo. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza orodha ya programu 69 za mikopo ya mtandaoni zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni. Baadhi ya wakopeshaji wa namna hiyo huchukua majina yote yaliyo katika simu yako, na ukichelewa siku moja wanamtumia ujumbe wa aibu mkweo, shemeji yako na padri wako. Kudaiwa hakumpi mtu ruhusa ya kukutangaza.

Jambo jingine: wakulima wengi sasa mnalipwa fedha za mazao kwa njia ya benki. Kadi ya benki na namba yake ya siri usimkabidhi mkopeshaji kuwa dhamana. Umempa ufunguo wa ghala na kumwomba achukue debe moja.

Naomba nikae kidogo kwenye deni ambalo halina hata karatasi, nalo ni kuuza mazao yakiwa bado shambani. Kule Kagera kwenye kahawa wanaliita butura. Kusini, kwenye korosho, wanunuzi wa namna hiyo wanajulikana kwa jina la kangomba. Watu husema huu si mkopo, ni biashara. Haya, tufanye hesabu. Chukua mfano tu: mwezi wa Machi unapewa 50,000 kwa gunia la kahawa ambalo mwezi wa Julai lingeuzwa 120,000. Umepokea 50,000, umelipa kitu cha 120,000. Riba yako ni shilingi 70,000 kwa miezi minne. Kama ungekopa hizo 50,000 kwa mkopeshaji mwenye leseni kwa asilimia 3.5 kwa mwezi, riba ya miezi minne ingekuwa 7,000. Mara kumi! Mimi sioni jina jingine la butura isipokuwa mkopo, na ni mkopo ghali kuliko yote niliyoitaja.

Kama mavuno yamekwisha patikana lakini bei bado mbaya, kuna njia nyingine katika maeneo yenye maghala yaliyosajiliwa. Sheria ya Stakabadhi za Ghala ya 2005 inakuruhusu kuweka mazao ghalani, ukapewa stakabadhi, na stakabadhi hiyo benki au SACCOS inaweza kuipokea kuwa dhamana ya mkopo. Uliza chama chenu cha msingi. Na wanawake, vijana na watu wenye ulemavu walio katika vikundi wasisahau ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, yaani 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa wenye ulemavu. Mikopo hiyo haina riba. Haina riba, nimesema; sikusema hairudishwi.

Tuje kwa mdhamini. "Nimemdhamini shemeji yangu, amekimbilia Dar es Salaam. Wanaweza kunidai mimi?" Ndiyo, wanaweza, na deni lote. Kwa Sheria ya Mikataba, mdhamini anawajibika sawasawa na mkopaji mwenyewe, isipokuwa mkataba useme vingine. Mkopeshaji halazimiki kumtafuta kwanza shemeji mpaka achoke ndipo akujie wewe. Watu wengi hudhani kudhamini ni kutoa ushuhuda wa tabia njema: "namfahamu, ni mtu wa hapa". Sivyo. Kudhamini ni kusema, asipolipa yeye nitalipa mimi. Katika vikundi vya watu watano watano ni hivyo hivyo, maana mmesaini kudhaminiana.

Hata hivyo mdhamini naye ana haki zake. Ukilipa, una haki ya kumdai shemeji kila senti uliyotoa, na dhamana yoyote aliyokuwa ameiweka kwa mkopeshaji una haki ya kuishika wewe. Tena, kama mkopeshaji na mkopaji walibadilisha masharti ya mkopo bila wewe kukubali, wewe umefunguliwa kwa yale yaliyotokea baada ya mabadiliko hayo. Kwa hiyo ukidhamini, nawe chukua nakala ya mkataba. Usipokuwa nayo, utajuaje kama umebadilishwa?

Kuhusu shamba au nyumba iliyowekwa rehani, tafadhali nisikilize vizuri, kwa sababu hapa ndipo familia zinapolala nje.

Ukiweka nyumba au ardhi rehani kwa benki, umeipa benki uwezo wa kuiuza ukishindwa kulipa, na haihitaji kwanza kwenda mahakamani kuomba hukumu. Wakulima wengi hukaa wakisubiri "kesi", na kesi haiji, anakuja dalali. Lakini kabla ya dalali sheria imeweka hatua. Chini ya Sheria ya Ardhi ya 1999 na marekebisho yake ya 2008, benki lazima ikupe taarifa ya maandishi kwamba umekiuka mkataba na unadaiwa kiasi gani, na siku 60 zipite tangu upokee taarifa hiyo ndipo iweze kutumia uwezo wake wa kuuza. Mnada nao ni lazima utangazwe hadharani angalau siku 14 kabla. Na muuzaji analazimika kutafuta bei nzuri inayopatikana. Ikiwa ardhi yako imeuzwa chini ya bei ya kawaida ya ardhi kama hiyo kwa asilimia 25 au zaidi, mahakama inaanza kwa kuamini kwamba wajibu huo umevunjwa, mpaka muuzaji athibitishe vinginevyo. Na kinachobaki baada ya deni na gharama kulipwa ni chako, si cha benki wala cha dalali.

Siku 60 hizo si za kujificha. Bahasha ikija, mtu huiweka chini ya godoro, au humwambia mtoto aseme baba amesafiri. Fungua barua, andika juu yake tarehe uliyoipokea, kisha nenda benki ukaombe kupangiwa upya marejesho. Nenda na barua yako ya maandishi, ikagongwe muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yako. Benki haipendi kuuza mashamba, inapenda kulipwa. Deni unaweza kulilipa na kuikomboa rehani yako wakati wowote kabla mali haijauzwa, lakini nyundo ya dalali ikisha kugonga, mambo huwa magumu mno.

Akina mama huuliza, "Mume wangu ameweka nyumba rehani bila mimi kujua. Nifanyeje?" Nyumba wanayoishi mume na mke ni nyumba ya ndoa. Sheria ya Ndoa ya 1971 hairuhusu mmoja aiweke rehani bila ridhaa ya mwenzake, na Sheria ya Ardhi inasema rehani ya nyumba ya ndoa ni halali pale tu mwenzi ametia saini au hati yenyewe inaonyesha kuwa ameridhia. Kama wake ni wawili au watatu wanaishi humo, basi wote. Benki ina wajibu wa kuulizia kama mkopaji ameoa, na mkopaji anayeapa kwa uongo kwamba hana mke anatenda kosa la jinai. Kwa hiyo mama ambaye hakuridhia ana pa kusimama. Lakini, mama yangu, ukiitwa benki ukaambiwa tia saini hapa, ukatia kwa kumsitiri mumeo, basi umeridhia, na kesho huwezi kusema hukujua.

"Je, nikishindwa kulipa nitafungwa?" Swali hili ndilo linalowafanya watu wakimbie miji yao. Kudaiwa si jinai. Kituo cha polisi si ofisi ya kukusanya madeni, na mkopeshaji anayekutisha kwamba atakuweka ndani kesho kwa sababu mvua hazikunyesha anakutisha tu. Ni tofauti kama ulipata fedha hizo kwa udanganyifu, kwa mfano kuweka dhamana shamba la jirani na kujifanya ni lako. Hiyo ni jinai kweli. Deni la kawaida linapelekwa mahakama ya madai. Ukiitwa shaurini, nenda. Usipokwenda, mahakama inaweza kusikiliza upande mmoja na kutoa hukumu, na kuitengua baadaye kunataka sababu nzito. Ukienda na kukubali kwamba unadaiwa, unaweza kuomba ulipe kwa mafungu.

Ni kweli kwamba kuna kifungo cha madai, na hakizidi miezi 6. Lakini huwekwa mtu baada ya hukumu, na hakikukusudiwa kwa yule ambaye hana kitu kwa sababu ya umaskini. Ni kwa yule mwenye uwezo anayeficha mali au anayekataa kulipa kwa ukaidi. Mahakama inapaswa kuulizia uwezo wako. Tena anayekudai ndiye anayelipia chakula chako ukiwa humo, na akiacha kulipa unaachiliwa. Ila ukitoka deni bado lipo.

Na mali je? Hapa kuna kinga ambayo wakulima wengi hawaijui. Kwa Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai, Sura ya 33, hukumu inapokaziwa, si kila kitu chako kinaweza kukamatwa. Nguo, vyombo vya kupikia, vitanda na matandiko haviguswi. Zana za mkulima za kulimia haziguswi, wala mifugo na mbegu ambazo mahakama itaona zinahitajika ili uweze kujipatia riziki. Nyumba unayoishi na mkeo na watoto imekingwa, na ardhi ya kilimo ya mtu ambaye riziki yake yote inategemea ardhi hiyo imekingwa vilevile. Basi watu wa kikundi wakija alfajiri wakabeba magodoro, masufuria na jembe la kukokotwa na ng'ombe, kwa nguvu, bila amri ya mahakama, hiyo si njia ya sheria, hata kama deni ni la kweli. Toa taarifa kwa mtendaji wa kijiji na polisi siku ile ile.

Lakini kinga hii ina mlango mmoja, na mlango huo unaufungua mwenyewe. Shamba au nyumba uliyoiweka rehani kwa saini yako haikingwi tena dhidi ya yule uliyemwekea. Ndiyo sababu nikaanza na karatasi.

Nipitie upesi maswali mengine matatu.

Deni la marehemu. Msibani msemaji wa familia husimama na kusema, kama kuna anayemdai marehemu ajitokeze. Ni desturi njema, na anayedai ajitokeze kweli. Lakini madeni ya marehemu hulipwa kutoka katika mali ya marehemu, na msimamizi wa mirathi ndiye anayelipa kabla ya kuwagawia warithi. Mali ikiisha, mtoto hawi mdaiwa kwa kuwa tu ni mtoto, wala mjane kwa kuwa tu ni mjane, isipokuwa alikopa pamoja naye au alimdhamini. Kwa hiyo usitie saini karatasi yoyote ya deni ukiwa bado kwenye mkeka wa matanga. Na kama mkopo ulikuwa wa benki, uliza kwanza kama ulikuwa na bima ya maisha ya mkopaji. Huenda bima ndiyo inayolipa.

Deni la zamani. Kwa mkataba wa maandishi mdai ana miaka 6 ya kufungua shauri. Lakini ukilipa hata kidogo, au ukiandika na kutia saini kwamba unalitambua deni, hesabu inaanza upya siku hiyo. Wewe unayedai usilale, na wewe unayedaiwa ujue unachokiandika.

Benki ikifungwa. Januari 2018 Benki Kuu ilifunga benki 5 kwa wakati mmoja, mojawapo ikiwa ya ushirika wa wakulima wa Kagera, na nyingine benki za wananchi za Njombe na Meru. Wenye akiba walikingwa na Bodi ya Bima ya Amana, wakati ule kwa kiasi kisichozidi 1,500,000 kwa kila mmoja. Mwaka 2023 kikomo hicho kilipandishwa kuwa 7,500,000. Akiba ya SACCOS au ya kikundi haimo katika kinga hiyo. Na benki ikifungwa mkopo wako haufi; yule aliyewekwa kufunga hesabu zake atakudai kama kawaida.

Mwisho, msaada. Wakili ni ghali, najua. Lakini Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria wanaotoa msaada bila malipo kwa asiye na uwezo. Katika halmashauri yenu, ofisa maendeleo ya jamii atakuelekeza walipo. Lalamiko juu ya benki au mkopeshaji mwenye leseni lipeleke kwanza kwake mwenyewe kwa maandishi, na usiporidhika lipeleke Benki Kuu. Siku ya kwenda chukua karatasi zote: mkataba, stakabadhi za malipo, barua ulizopokea na bahasha zake zenye tarehe, daftari la kikundi, hata kile kikaratasi cha wakala kilichofifia maandishi. Zipange kwa tarehe, zifunge katika mfuko wa nailoni zisilowe, na simu yenye ujumbe wa malipo iwe na chaji.